Maneno kwanza, picha baadaye: nilivyojifunza kuuza gomesi mtandaoni

Nashona, nauza na kukodisha gomesi, lile vazi refu la sherehe la wanawake wa Kiganda, na mishanana, vazi la wanawake wa magharibi mwa Uganda na Rwanda, hapa Kampala, katika jengo la maduka lisilo mbali na Kiyembe, kule wanakouza vitambaa. Mwenye duka la nguo za sherehe hawezi kuishi bila picha, na picha zangu kwa muda mrefu zilisifiwa na kila aliyeziona. Hazikuuza. Naandika haya kwa ajili ya dada na kaka wenye biashara ndogo wanaoambiwa kila siku "posti picha nzuri, wateja watakuja", kwa sababu pesa niliyoitumia kufuata ushauri huo ingeninunulia cherehani mpya ya umeme.

Mtandaoni niliingia kwa kusukumwa. Machi 2020 nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona, sherehe zilisimama. Kwa asiyejua, kwanjula ni siku ambayo msichana wa Kiganda anamtambulisha mchumba wake kwa wazazi. Akina mama wa pande zote mbili huvaa gomesi, wanaume huvaa kanzu na koti, na bibi harusi mwenyewe hubadilisha nguo zaidi ya mara moja siku hiyo hiyo. Sherehe zikikatazwa, duka kama langu linabaki na nguo zinazoning'inia na kodi inayodaiwa. Tulipoanza kupumua, Juni 2021 tukafungwa tena. Nililia sana kipindi hicho, sitaficha. Fundi wangu wa pili alirudi kwao Iganga, na mimi nikabaki na simu.

Na simu yenyewe Uganda ina gharama zake. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Kabla ya hapo, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa, na tangu hapo wateja wengi wa rika langu wakawa wanaingia kwa VPN, programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Nayataja haya kwa sababu yanagusa picha moja kwa moja. Mteja wangu analipia kila picha inayofunguka kwenye simu yake. Picha isiyojibu analolitafuta imemla bando, na mara nyingine ataipita bila kuitazama.

Nilianza kwa kuajiri ofisi moja ya matangazo. Nililipa shilingi 350,000 kwa mwezi, nikaletewa mabango ya kupendeza: rangi ya dhahabu, maua pembeni, mwanamke anayetabasamu ndani ya gomesi ya zambarau, na juu yake maneno ya Kiingereza kuhusu umaridadi wa kifalme. Wafanyabiashara wenzangu walibonyeza moyo. Shemeji zangu walibonyeza moyo. Simu haikulia. Nilipouliza, niliambiwa niongeze pesa ya kubusti, yaani kulipia posti ionekane na watu wengi zaidi, nikaongeza, wafuasi wakaongezeka, na bado aliyeingia dukani alikuwa yule yule aliyepita njiani akaona nguo mlangoni. Mkataba haukuwa na neno hata moja kuhusu mteja anatafuta nini. Ulihesabu idadi ya mabango tu, na mabango waliyaleta yote.

Ukisimama kwenye teksi paki, kituo cha magari ya abiria, utaona konda hasifu viti vya gari lake wala rangi yake. Anapaza sauti "Ntinda, Ntinda", na mtu wa Ntinda anapanda. Mabango yangu yalisifu viti.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa kaka yangu, aliyekuja kunisaidia dukani wakati wa likizo ya chuo. Sisi tumekulia Busia, upande wa Uganda, ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na mpaka, na hadi leo nyumbani tunazungumza Kiswahili. Siku hiyo hakukuwa na mteja. Akachukua simu yangu, akafungua Google, akanipa.

"Shangazi, sahau kwamba una duka," akaniambia. "Mdogo wako ana kwanjula Jumamosi ijayo na wewe huna gomesi. Andika."

Nikaandika "gomesi nzuri".

"Hapana. Wewe una haraka na pesa haitoshi. Andika kama mtu mwenye haraka."

Nikaduwaa. Sikujua mtu mwenye haraka anaandika nini, na mimi ndiye niliyekuwa nikilipa ili mtu huyo anione. Binti akachukua simu, akaandika neno "gomesi", akaacha nafasi, akasubiri. Google ikaleta orodha ya mapendekezo. Kisha akaongeza herufi moja moja baada ya ile nafasi, a, b, c, na kila herufi ilileta orodha nyingine. Aliyaandika yote nyuma ya kitabu cha risiti. Mapendekezo hayo hayabuniwi na mtu ofisini; yanatokana na yale ambayo watu wameyatafuta kweli. Kulikuwa na rangi. Kulikuwa na bei. Kulikuwa na mitindo, na mwaka mbele yake. Kulikuwa na namna ya kujifunga. Na kulikuwa na "gomesi for hire in Kampala".

Hilo la kukodisha ndilo lililonisimamisha. Gomesi ya kitambaa kizuri inaweza kula hadi mita sita, na ikiwa ni ya hariri bei yake inamtisha mtu mwenye mshahara wa kawaida. Mwanamke anayealikwa kwanjula moja kwa mwaka anataka nguo ya siku moja. Nilikuwa nikiwakodisha marafiki kimya kimya, nikiona kama ni msaada. Kati ya mabango yote niliyoyalipia, hakuna hata moja lililotaja kukodisha. Tulitenga fimbo nzima ya kutundikia nguo za kukodi, na hiyo peke yake, kabla hata ya picha, ilibadilisha biashara yangu. Ndiyo maana huwa nasema utafiti wa maneno usiachiwe dizaina peke yake. Unaweza kukuonyesha kwamba tatizo haliko kwenye bango. Liko kwenye unachouza.

Kutoka hapo nilijifunza vifaa kimoja kimoja, na karibu vyote ni vya bure. Google Trends inakuonyesha jinsi utafutaji wa neno unavyopanda na kushuka tangu 2004, na unaweza kuchagua Uganda peke yake na kulinganisha hadi maneno matano. Uelewe tu kwamba namba yake si idadi ya watu. 100 ni kilele cha neno hilo kwa muda uliouchagua, na 50 ni nusu ya kilele hicho. Kwa neno dogo katika nchi ndogo mara nyingi itakuambia data haitoshi. Usikate tamaa, jaribu neno pana zaidi. Keyword Planner ya Google, inayokadiria neno linatafutwa mara ngapi, iko ndani ya akaunti ya matangazo. Ukiwa hulipii tangazo lolote, itakupa makadirio mapana, kwa mfano kati ya 100 na 1,000 kwa mwezi, na hayo yanatosha kujua neno lipi lina uhai na lipi limekufa. Kwenye TikTok andika neno usibonyeze kutafuta, soma yanayojitokeza. Halafu fungua maoni ya video ya mshindani wako, na mara nyingi juu ya maoni utaona maneno ya utafutaji ambayo TikTok yenyewe imeyaweka. Instagram na Pinterest nazo zinakupa mapendekezo kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, zima VPN. Hili sikuliona likiandikwa mahali popote nilipokuwa najifunza, na kwetu Uganda ni la lazima. VPN ikiwa imewashwa, Google inadhani uko Uholanzi au Marekani, na mapendekezo unayoyaona ni ya watu wa huko. Fungua pia hali fiche (incognito) kwenye kivinjari, ili historia yako mwenyewe isikupotoshe. Mimi ninayetafuta gomesi kila siku naletewa gomesi hata nikitafuta sufuria. Na ukisoma takwimu za ukurasa wako ukaona wafuasi wengi wa nchi ambayo hujawahi kuuza hata kitambaa, usikimbilie kushangilia soko jipya. Huenda ni jirani yako wa Bwaise aliyewasha VPN. Kwa sababu hiyo hiyo, tangazo la Facebook linaloelekezwa kwa watu walioko Uganda linaweza kumkosa huyo jirani kabisa. Nilipolielewa hili niliacha kubusti huko, pesa nikaipeleka kwingine.

Lakini kisima changu kikubwa cha maneno kilikuwa WhatsApp. Soko letu ni dogo, na vifaa vya Google haviwezi kuona kila kitu. Nilinunua daftari, na kila swali la mteja likaandikwa humo jinsi alivyoliandika yeye, na makosa yake ya herufi, na mchanganyiko wake wa Kiganda na Kiingereza. Mmoja anaandika gomesi, mwingine gomez, mwingine busuuti, na mwenye haraka anaandika busuti. Mteja wa Mbarara anaomba omushanana, wa Kigali umushanana. Kazi ya mwenye duka hapa ni kunyamaza na kunakili. Ukisahihisha tahajia ya mteja kwenye daftari umejipotezea njia ya kumfikia, kwa sababu kesho ataandika vile vile kwenye kisanduku cha kutafutia. Daftari lilipojaa, tulikaa na binti tukapanga maswali kwa makundi, na kundi lililoshinda yote halikuwa la mitindo. Lilikuwa la saizi: "Mnayo ya mtu mnene?" Liliulizwa kwa maneno mengi, mengine ya aibu, na mengine mtu alifuta ujumbe baada ya kuutuma.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa ndilo ninalolishikilia kuliko yote: neno la utafutaji linaamua picha yenyewe. Wengi wanaofundisha mambo haya wanakuambia uyaweke maneno kwenye maelezo chini ya picha, basi. Kwangu hayo ni nusu ya kazi. Mtu akitafuta gomesi ya mtu mnene, akaletewa posti yenye maneno hayo lakini picha ni ya msichana mwembamba, ataondoka akiwa ameumia. Kwa hiyo nilimwomba mteja wangu mmoja mwenye mwili mkubwa ruhusa ya kumpiga picha, nikampa nguo ya kukodi bila malipo, tukapiga mbele ya ukuta mweupe mchana, bila kupunguza kiuno kwa programu. Juu tuliandika saizi tulizonazo na bei. Posti hiyo haikupata mioyo mingi. Ilipata simu.

Ruhusa hiyo niliichukua kwa maandishi, na nakuomba ufanye hivyo. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na hata isingekuwepo, picha ya mama wa watu akiwa kwanjula si mali ya aliyemshonea nguo.

Nieleze posti moja kwa karibu, maana ndiyo iliyonilipa kuliko zote. Miongoni mwa mapendekezo ya Google lilikuwepo swali la namna ya kufunga kitambaala, ule mkanda mpana wa gomesi. Mwanzoni nililipuuza, anayeuliza namna ya kujifunga tayari ana nguo, nitamuuzia nini? Binti akasisitiza tulijibu. Tukatengeneza posti ya picha kadhaa za kutelezesha. Ya kwanza ilikuwa mikono tu ikiwa imeshika kitambaala mbele ya nyonga, na juu yake swali lile lile kama watu wanavyoliandika, bila pambo. Ya pili, kikooyi kinachofungwa ndani ili kitambaa cha gomesi kisigande mwilini. Ya tatu, vile vifungo viwili vya upande wa kushoto wa shingo na jinsi upande mmoja wa nguo unavyolala juu ya mwingine. Ya nne ilionyesha mahali ambapo wageni wengi hukosea: kitambaala hukaa kwenye nyonga, chini ya kiuno, na tuliweka picha mbili bega kwa bega, kilichopanda na kilichokaa sawa. Kisha fundo, na ncha mbili zinazoning'inia mbele. Picha ya mwisho ilikuwa fimbo ya nguo za kukodi, bei, na ramani ya kufika dukani.

Tuliiweka Instagram, na nakala yake ndefu tukaipeleka Pinterest. Wiki ya kwanza ilikuwa kimya. Halafu ikaanza kutembea yenyewe, na hapo nikaona tofauti kati ya mtandao wa kutazama na mtandao wa kutafuta. Posti za kawaida zinazikwa chini ya nyingine baada ya siku mbili tatu. Posti inayojibu swali watu wanaloendelea kuuliza inazidi kuletewa watu muda mrefu baada ya kuiweka, hasa Pinterest, ambako watu huenda kutafuta zaidi kuliko kupiga soga. Mama mmoja anayeishi Boston aliniandikia usiku: "Dada, nimewafunga binti zangu kwa kufuata picha zako. Sasa tunataka zetu wenyewe, tatu, rangi moja." Zilikwenda kwa ndege na mtu aliyekuwa anasafiri. Tangu hapo maswali ya jinsi ya kufanya jambo siyapuuzi tena, kwa sababu anayekufundisha kuvaa nguo ndiye unayemwamini akuuzie ya pili.

Bei tunaiandika kwenye picha. Najua wengi huandika "njoo inbox", na mwenzangu wa duka la pili alinigombeza kwamba nawapa washindani siri. Neno "bei" limejaa kwenye daftari langu kurasa kwa kurasa. Mtu anayelitafuta akikutana na picha iliyoficha bei, anaona umemkwepa. Siku hizi bango la kukodisha linasema kiasi cha siku moja, kiasi cha amana, na siku ya kurudisha, na wanaopiga simu wameshakubali bei. Tunazungumza rangi tu.

Kuhusu vipimo nitasema kwa ufupi. Instagram tunatumia pikseli 1080 kwa 1350, picha iliyosimama, kwa sababu inachukua nafasi kubwa ya skrini kuliko ya mraba. Pinterest tunatumia 1000 kwa 1500. Video fupi na stori ni 1080 kwa 1920, na hapo usiweke maandishi chini kabisa wala ukingo wa kulia, maana vitufe na maelezo vitayafunika. Tangu Januari 2025 ukurasa wa Instagram unaonyesha picha kwa umbo la kusimama badala ya mraba, kwa hiyo mabango ya zamani yaliyopangwa kwa mraba yalikatwa pembeni; ilitubidi kuyapitia upya, na swali la utafutaji sasa linakaa katikati juu. Herufi ziwe kubwa. Kabla ya kutoa bango tunalifungua kwenye simu ya bei ndogo kabisa dukani, tunatoka nalo nje juani. Lisiposomeka hapo, tunapunguza maneno, hatupunguzi ukubwa wa herufi.

Kuna mahali pengine pa kuweka maneno ambapo watu hupasahau. Jina la profaili, lile lenye herufi nzito, linatafutika. Langu sasa lina jina la duka likifuatiwa na gomesi, kukodisha, Kampala. Maelezo ya picha yaanze na jibu, salamu zifuate. Alama za reli (hashtag) tunaweka chache zinazohusu nguo iliyo kwenye picha, si zile za dunia nzima. Halafu kuna maandishi mbadala (alt text), ambayo Instagram ilianza kuyaruhusu 2018. Hayo yapo kwanza kwa ajili ya watu wasioona, ambao simu huwasomea picha, na naomba tuyaheshimu kwa kazi yake. Andika kinachoonekana: mwanamke amevaa gomesi ya kijani yenye kitambaala cha dhahabu, amesimama mbele ya ukuta mweupe. Ukiandika ukweli huo, maneno ya utafutaji yanakuwa yamo tayari. Kurundika "gomesi gomesi Kampala nafuu" hapo ni kumkosea mtu asiyeona. Na tangu Julai 2025 picha za akaunti za biashara zilizo wazi kwenye Instagram zinaweza kuonekana kwenye Google, kwa hiyo maelezo tuliyokuwa tukiyaandika ovyo yamekuwa na thamani zaidi.

Msimu nao una maneno yake. Wakati wa Kwaresima harusi za Wakatoliki hupungua, Ramadhani Waislamu hutulia, na Desemba kila ukoo una sherehe. Hilo nilikuwa nalijua kwa kuhesabu droo ya pesa. Nisilolijua ni kwamba utafutaji hutangulia sherehe. Mtu wa Desemba haanzi kuangalia mitindo na rangi Desemba. Huanza mapema, na yule wa kukodi ndiye huja dakika za mwisho. Siku hizi mabango ya mitindo na ushonaji yanatoka Septemba na Oktoba, ya kukodisha yanatoka wiki zenyewe za sherehe. Wateja wa Kenya wana kalenda yao na maneno yao. Wanaouliza nguo za ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, huwezi kuwapata kwa neno kwanjula, hata kama kitambaa ni kile kile. Kwao tunatengeneza bango tofauti, kwa Kiswahili, lenye gharama ya kutuma hadi Busia.

Gharama zote nizitaje kwa uwazi. Ofisi ya matangazo ilinila zaidi ya shilingi milioni moja kabla sijaachana nayo. Nilinunua pia mafunzo ya mtandaoni kwa pesa ya simu, shilingi 120,000, nikatumiwa orodha ya maneno ya mauzo ya nguo ya Marekani, ambayo hapa hayana mtu. Sasa natumia bando, Canva ya bure (programu ya kutengenezea mabango), na muda. Muda ndio ghali: jioni moja kila wiki tunakaa kusoma daftari na kutafuta maneno, na jioni hiyo hatushoni. Mume wangu alihoji mwanzoni, ni haki yake, kwa sababu fedha haikuja haraka. Miezi ilipita kabla ya tofauti kuonekana dukani.

Na picha huibiwa. Zile za kitambaala nimezikuta kwenye kurasa za watu wengine, jina letu limekatwa. Iliniuma sana. Sasa jina la duka tunaliweka juu ya nguo yenyewe, si pembeni ambako mkasi unafika kirahisi. Na mteja mpya tunamuuliza kabla hajaondoka: uliandika nini ukatupata? Jibu linaingia kwenye daftari na tarehe yake. Takwimu za Instagram haziwezi kuniambia hilo.

Kwa sasa nakusanya maneno ya kanzu. Vijana wa kiume wanaandika tofauti kabisa na mama zao. Hawaulizi rangi, wanauliza kama kanzu na koti vinakuja pamoja, kama zipo za mtu mrefu, na kama wanaweza kuchukua leo. Wanaojali mapambo wanauliza omulela, ule utarizi mwekundu wa mbele. Bango la kwanza liko tayari: kanzu na koti upande mmoja, jedwali la urefu kwa sentimita upande wa pili, omulela umepigwa picha ya karibu, na bei ya siku chini yake. Litatoka wiki ya mwisho ya Septemba.